Laka ya saksafoni imebabuka: uiache, uipake nta, uivue au uipake upya?

Mtu anapompelekea fundi saksafoni iliyobabuka, neno la kwanza huwa ni lile lile: "Fundi, naomba unipigie laka mpya," yaani ile ngozi ya wazi inayofunika shaba. Ukimuuliza inaliaje, atakwambia inalia vizuri tu, ila inamtia aibu akisimama nayo kanisani au kwenye harusi. Hapo inafaa kusimama kidogo kabla ya kukubaliana bei. Kazi anayoiomba ndiyo ghali kuliko zote, ukishaifanya hairudi nyuma, na kwa saksafoni nyingi zinazopigwa huku kwetu haina ulazima wowote.

Njia ziko kadhaa: kuiacha ilivyo na kuitunza kwa nta, kuing'arisha, kuziba mabaka tu, kuvua laka yote ibaki shaba tupu, kupaka laka upya mwili mzima, na ile ya wenye uwezo, kuichovya fedha. Msimamo wangu nautaja mapema ili usome ukiujua: pesa ya kwanza iende kwenye pedi (vile vifuniko vya ngozi vinavyoziba matundu), springi na vyuma vya ndani, ya pili kwenye shingo (kile kipande cha juu kilichopinda), na sura ije mwisho kabisa. Lakini zipo saksafoni zinazostahili kazi kubwa, na nitazitaja.

Laka inafanya nini hasa

Mwili wa saksafoni ni shaba ya njano, kwa kawaida karibu sehemu 70 za shaba nyekundu kwa sehemu 30 za zinki. Juu yake imepakwa laka, ya wazi kabisa au yenye rangi kidogo ya dhahabu. Za zamani zilikuwa za nitroselulosi. Za siku hizi nyingi ni za akriliki au epoksi zilizookwa kwenye oveni, na ni ngumu zaidi. Ile ngozi ni nyembamba kuliko unywele. Kazi yake ni ya koti la mvua: kuzuia hewa, mate, jasho na chumvi visiiguse shaba. Haiongezi nguvu wala haishiki kitu. Saksafoni nyingi za Marekani za miaka ya 1920 zilitoka kiwandani zimepakwa fedha au zikiwa shaba tupu, na mtindo wa laka ulishika kasi katika miaka ya 1930. Kwa hiyo saksafoni isiyo na laka si saksafoni iliyoharibika. Hata leo Yamaha wanauza saksafoni ya alto aina ya YAS-82ZUL mpya kabisa bila laka, na wanunuzi wanaitaka hivyo.

Kwanza ujue unaangalia nini

Nusu ya makosa katika kuchagua hutokana na kuita kila doa "kutu". Chukua tochi, kitambaa safi, kaa dirishani, uikague pole pole.

Alama za kawaida zaidi ni za mguso. Chini ya kidole gumba cha kulia, penye vitufe vinavyobonyezwa na kiganja cha kushoto, na ubavuni panaposuguana na shati au mkanda, laka imekwisha na shaba imegeuka kahawia kama chai ya rangi. Hii ni sawa na mpini wa jembe uliong'aa kwa kushikwa. Ule ukahawia wenyewe ni tabaka jembamba linalopunguza kasi ya uchakavu chini yake. Haina madhara.

Utakuta pia nyuzi nyuzi nyeusi au kahawia zinazotambaa chini ya laka kama mizizi, zikianzia kwenye mkwaruzo mdogo. Unyevu umepenya pale na unatembea kati ya laka na shaba. Zinaudhi kwa macho, lakini zinakwenda polepole sana, na hazili shaba kwa kina.

Alama ya tatu huwachanganya wengi: rangi ya kijivu, zambarau au wekundu hafifu inayozunguka miguu ya vitufe na vikingio vyake (vile vyuma vinavyokinga vitufe visigongwe), pale palipounganishwa kwa lehemu. Mara nyingi hayo ni mabaki ya asidi ya kiwandani ambayo hayakuoshwa vizuri kabla ya kupaka laka. Wewe huna kosa. Hata ukipaka laka upya, kama fundi hakuyafikia yale mabaki ndani ya maungio, alama zitarudi palepale.

Sasa tuingie kwenye yanayohitaji kushughulikiwa. Ungaunga wa kijani, au kijani kilichoganda kama nta, hupatikana palipokaa mate na jasho: penye maungio ya shingo, chini ya vikingio vya matundu makubwa ya chini, na kwenye ukingo wa matundu ambayo pedi zake hufunga muda wote. Hiyo ndiyo kutu ya shaba yenyewe. Huvuta unyevu na kuendelea kula, kwa hiyo ni ya kuondoa, sehemu hiyo tu. Huku pwani huja haraka zaidi kwa sababu upepo umebeba chumvi, na chumvi kwa shaba ni adui mkubwa kuliko maji.

Kibaya kuliko vyote ni vidoa vya rangi ya waridi, vidogo kama kichwa cha pini, mara nyingine vikiwa na nukta nyeusi katikati. Utaviona zaidi kwenye shingo. Hapo zinki imeyeyuka kutoka kwenye shaba na kuacha shaba nyekundu yenye vitundu vitundu isiyo na nguvu, na kazi hiyo imeanzia ndani, kwenye mate yanayobaki baada ya kupiga. Doa unaloliona nje ni mwisho wa safari. Toa shingo, ioshe, mulika ndani: ukikuta ukoko wa kijani na nyeupe umeganda kwenye kona ya juu, umejua chanzo. Laka haitibu hili. Shingo iliyooza hivyo huzibwa kwa kiraka au hubadilishwa.

Halafu kuna kutu ya kweli, ya chuma. Vitufe vya saksafoni vimeshikwa na fito za chuma na kurudishwa na springi za sindano, ambazo nyingi ni chuma kilichopashwa moto hadi kuwa na rangi ya buluu. Laka haizigusi hizo. Springi ikiwa na vumbi la kahawia kwenye shina lake, siku moja itakatika katikati ya wimbo, na utaona kitufe kinaning'inia. Wapigaji wa matarumbeta wanaokaa juu ya pikapu kwenye jua la saa nane mchana, jasho likitiririka hadi mkononi, wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Tone dogo la mafuta kwenye kila ungio la fito, na mafuta kidogo yanayopitishwa kwenye springi kwa ncha ya sindano, yataokoa mengi kuliko kopo zima la laka.

Kuiacha na kuipaka nta, dhidi ya kuing'arisha

Hizi mbili ndizo mtu anaweza kuzifanya nyumbani, na watu huzichanganya. Zinatofautiana kabisa.

Kuitunza kwa nta maana yake huondoi kitu. Unafuta vumbi kwa brashi laini ya rangi, unalowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya maji, unakikamua hadi kiwe na unyevunyevu tu, unafuta huku ukikwepa pedi, maana pedi ni ngozi juu ya sufi na maji huzikunja. Unakausha. Halafu unachota nta kidogo sana kwa kitambaa kilichozungushiwa kidole, unapaka kwenye mabaka yaliyo wazi na pembeni mwake, unasubiri dakika chache, unafuta kwa kitambaa cha kufutia miwani. Nta nzuri ni ile laini isiyo na chembe za kusugua. Ile inayotumiwa na wahifadhi wa makumbusho, iliyobuniwa katika maabara ya British Museum, ni bora. Nta ya magari inafaa pia ilimradi si ile ya "kuondoa mikwaruzo", kwa sababu hiyo ina unga wa kusaga ndani yake. Baka litabaki kahawia. Halitakuwa dhahabu tena. Lakini jasho na chumvi vitakutana na nta kabla ya kukutana na shaba. Kwa anayepiga kila wiki, rudia kila baada ya wiki chache kwenye sehemu za kushika. Kwingine mara chache kwa mwaka zinatosha. Kopo dogo litakaa miaka.

Kung'arisha ni kuondoa. Dawa ya kung'arishia metali inafanya kazi kwa unga wa kusaga, na baadhi ya dawa hizo zina amonia. Dakika kumi tu baka linawaka kama kioo, na hapo ndipo mtego ulipo. Shaba iliyosuguliwa haina kinga yoyote, kwa hiyo Dar, Tanga, Mombasa au Unguja itarudi kuwa kahawia upesi. Ukisugua tena unakula ukingo wa laka iliyobaki, na baka linapanuka kila mara. Ule unga wenyewe hujikusanya kwenye maungio ya vitufe, huchanganyika na mafuta na kuwa tope la kusaga fito. Amonia nayo hupasua shaba yenye mkazo, jambo ambalo mafundi wa metali walilijua zamani kupitia maganda ya risasi yaliyopasuka ghalani.

Wapo wanaosema, mbona dele la kahawa tunalisugua kwa ukwaju au ndimu na chumvi na linadumu vizazi? Ni kweli, na dele linapendeza. Lakini dele ni chombo kinene kisicho na mashine, unalisuuza kwa maji mengi na kulianika. Saksafoni ya alto ina karibu pedi 25, makumi ya springi, gamba (koki) na sufi zilizobandikwa kwa gundi, na mwili wenye unene unaozidi kidogo tu nusu milimita. Asidi ya ndimu huyeyusha zinki kwanza, ndiyo maana shaba iliyokaa na ndimu muda mrefu hugeuka waridi. Chumvi ikiingia chini ya kikingio huwezi kuitoa bila kuvua kila kitu. Siki ni hivyo hivyo, na dawa ya meno ni msasa uliotiwa manukato. Kama unataka kuondoa kijani sehemu moja, tumia kijiti cha meno na kitambaa chenye mafuta ya mashine, kwa subira, kisha nta.

Nikilinganisha mbili hizi sina ushindani wa kuonyesha. Kung'arisha kuna faida siku moja tu: siku ya kuuza. Na mnunuzi mjuzi akiona saksafoni kuukuu imesuguliwa ikameremeta atajiuliza unaficha nini.

Kuziba mabaka

Hii ni njia ya kati. Unasafisha baka dogo hadi shaba safi, unalipangusa kwa spiriti, unapaka laka ya wazi kwa brashi ndogo. Wengine hutumia rangi ya kucha isiyo na rangi, na kwa mkwaruzo mmoja chini ya urefu wa ukucha inasaidia. Tatizo ni kwamba mpaka kati ya laka ya zamani na mpya utaonekana daima, na usiposafisha vizuri utafungia unyevu na chumvi ndani, kutu iendelee chini ya kifuniko ulichokilipia. Kwenye saksafoni za zamani zenye laka ya nitroselulosi, kiyeyusho cha rangi ya kucha hulainisha laka ya jirani na baka linakua mbele ya macho yako. Nakubali njia hii kwa saksafoni mpya au ya karibuni iliyopata mkwaruzo jana, kabla haijageuka rangi. Kwa iliyochakaa miaka 20, achana nayo.

Kuvua laka yote, dhidi ya kupaka upya

Hapa ndipo penye pesa, na ndipo wengi hujutia.

Njia zote mbili huanza vilevile: kila kitufe kinatoka, pedi na gamba zinaondolewa, kisha laka inavuliwa kwa kemikali kali. Laka ya zamani hutoka kirahisi. Ya epoksi hushikilia kweli kweli. Si kazi ya kufanya uani kwa beseni. Mivuke ya viyeyusho hivyo inaumiza mapafu na macho, na watoto wanapita. Ukifika hapo umeshalipia kazi ya kufungua na kufunga saksafoni nzima, pamoja na pedi mpya, kwa sababu kurudisha pedi za zamani baada ya kuzibandua ni kujitafutia uvujaji wa hewa. Ndiyo maana kazi nzima ya kupaka laka upya inaweza kuipita bei ya saksafoni yenyewe ikiwa ni ya kiwango cha mwanafunzi.

Baada ya hapo njia zinaachana. Ukiamua ibaki tupu, fundi anaisafisha, anaisuuza, anaikausha na kuikusanya. Ukitaka laka mpya, lazima kwanza shaba ing'arishwe kwa mashine yenye gurudumu la kitambaa, kwa sababu laka ya wazi haifichi kitu: kila doa na kila mkwaruzo utaonekana milele chini yake. Lile gurudumu ndilo la kuogopa. Linakula shaba. Mkononi mwa fundi mzuri linakula kidogo mno. Mkononi mwa fundi mwenye haraka linalainisha kingo za matundu ambako pedi inatakiwa kukaa sawasawa, linafuta nakshi ya maua kwenye mdomo mpana wa mbele, sauti inapotokea, linafifisha namba ya saksafoni, na kukondesha pale ambapo shaba ilikuwa nyembamba tangu mwanzo. Kingo zikishalainika, kila fundi atakayebadilisha pedi baadaye atahangaika kuziba uvujaji ambao haukuwapo.

Kwa upande wa bei ya kuuzia, tofauti ni kubwa. Chukua Selmer Mark VI, iliyotengenezwa Ufaransa kuanzia 1954 hadi katikati ya miaka ya 1970, ambayo wapiga jazi wengi huiota. Yenye laka ya kiwandani, hata kama nusu imebabuka na inaonekana kama sufuria ya mgahawa, huuzwa ghali kuliko mwenzake aliyepakwa upya na kung'aa. Wanunuzi wanaogopa lile gurudumu. Iliyovuliwa ikabaki tupu nayo hushuka bei, ila mara nyingi si sana, mradi haikusuguliwa. Kwa hiyo kama umerithi saksafoni ya zamani ya Selmer, Conn au King kutoka kwa babu aliyepiga kwenye bendi, usiruhusu mtu yeyote aiguse kwa mashine kabla hujajua ni ya mwaka gani.

Katika ulinzi mambo yanageuka. Laka mpya iliyopakwa vizuri hulinda miaka mingi. Shaba tupu haikulindi hata siku moja. Bara, penye hewa kavu, saksafoni tupu huwa na rangi ya kahawia iliyotulia inayopendeza kama kiti cha mvule. Pwani ni kazi nyingine: utaifuta kila baada ya kupiga, utaipaka nta kila mara, na ukiisahau kwenye sanduku mwezi mmoja wa masika utafungua na kukuta kijani kwenye kila kona. Mikono pia itakuwa na harufu ya sarafu, na shati jeupe litapata alama. Mwenye jasho kali la chumvi, na kila mtu anajijua, asiifikirie shaba tupu.

Kwa hiyo kati ya mbili hizi, mtu wa bara mwenye saksafoni ya zamani ambayo laka yake imekwisha zaidi ya nusu anaweza kuivua iliyobaki, bila gurudumu, akaishi nayo. Mtu wa pwani ama aache laka iliyobaki ifanye kazi yake, ama, kama saksafoni inafunguliwa yote kwa sababu ya ajali au matengenezo makubwa na si ya thamani ya kihistoria, apake upya wakati huohuo. Kufungua saksafoni nzima kwa ajili ya sura peke yake sioni sababu.

Kuhusu fedha

Kuichovya fedha ni nzuri kweli kweli. Fedha huvumilia jasho kuliko shaba, na weusi wake hutoka kwa kitambaa maalumu bila kula sana. Lakini inahitaji maandalizi yaleyale ya gurudumu, bafu la umeme na kemikali za sumu, na karakana yenye vifaa hivyo kwa ajili ya saksafoni si ya kuipata kila mji. Ukishapiga hesabu ya kusafirisha, ushuru na kusubiri, mara nyingi utakuta ni afadhali kuuza uliyo nayo na kununua iliyokwisha pakwa fedha kiwandani. Moja ya kukumbuka: mpira na baadhi ya sponji za masanduku hutoa salfa, na salfa hufanya fedha kuwa nyeusi hata ikiwa imefungiwa.

Sauti je?

Utasikia kwamba saksafoni isiyo na laka inalia kwa uhuru zaidi, na kwamba laka mpya "inaifunga". Sauti ya saksafoni inatoka kwenye hewa inayotetemeka ndani ya bomba, ikianzia kwenye mwanzi (kile kijiti chembamba kinachotetemeka) na kipulizio cha mdomoni. Mwaka 1971 mwanafizikia John Coltman alichapisha jaribio lake la filimbi za kupulizia pembeni zenye umbo moja la ndani lakini metali na mbao tofauti. Wasikilizaji hawakuweza kuzitenganisha. Na kwa saksafoni yenyewe, mpiga jazi maarufu Charlie Parker alipiga onyesho la Massey Hall, Toronto, Mei 1953, kwa alto ya Grafton ya plastiki nyeupe, na hakuna aliyelalamika. Tofauti ambayo watu huisikia baada ya kupaka laka upya mara nyingi ni ya pedi mpya, au ya matundu yaliyolainishwa. Sitaki kugombana na anayesikia tofauti. Ila asitumie pesa za mwanzi na kipulizio kizuri kuitafuta.

Nani achague nini

Bendi ya kanisa au ya shule yenye alto za bei nafuu zilizochakaa: osha, paka nta, badilisha pedi zinazovuja, tia mafuta. Pesa za laka nunueni vifuko vya silika vya kukausha sanduku na vitambaa vya kuvuta mate ndani. Kupitisha kitambaa ndani ya mwili na shingo kila baada ya kupiga kutaokoa shingo nyingi kuliko chochote nilichokitaja hapo juu.

Mpigaji wa hotelini, anayetoka chumba chenye kiyoyozi kwenda jukwaa la ufukweni: chombo baridi kikikutana na hewa yenye unyevu hutoka jasho, kama chupa ya soda. Kiache ndani ya sanduku lililofungwa hadi kipate joto la nje ndipo ukifungue, na kikishamaliza kazi kifute kabla hakijarudi ndani. Kama mwenye hoteli anadai kung'aa, ni afadhali kununua saksafoni ya pili mpya ya bei ya kati kwa ajili ya macho ya wageni, na kuacha ile nzuri ya zamani ilivyo.

Mwenye saksafoni ya zamani yenye jina: nta, fundi wa pedi, basi.

Mwenye madoa ya waridi kwenye shingo: hesabu zote hapo juu zisimame. Shingo kwanza.

Na anayenunua ya mtumba, iwe imetoka Japani, Ulaya au Marekani, aangalie kama ilishapakwa upya kabla hajalipa bei ya laka asilia. Mulika nakshi ya mdomo wa mbele. Kama mistari yake imekuwa laini kana kwamba imefutwa kwa kifutio, gurudumu limepita. Pitisha ukucha juu ya namba ya nyuma: inatakiwa ikukwaruze. Tazama chini ya vikingio na kwenye kona za miguu ya vitufe, uone kama kuna rangi mbili za laka, au matone yaliyoganda, au weusi uliofungiwa chini ya laka safi. Fungua kitufe kikubwa cha chini uangalie ukingo wa tundu lake kwa pembeni. Ukiwa bapa na wenye kona kali, vizuri. Ukiwa umeviringika, ongeza gharama ya fundi kwenye bei anayokutajia muuzaji. Akikwambia "kaka, hii haijawahi kuguswa, laka ya kiwandani hii", mwombe akuruhusu utoe shingo na kuipigia picha ndani kwa simu.